Tangazo Langu la King'ora

Jumatatu, 13 Oktoba

Balaa. Rodgers wa kontena anasema imebaki kona moja tu, na Alhamisi anafunga mlango. Kontena linalofuata litafika Dar baada ya Krismasi. Magauni ya watoto baada ya Krismasi! Mke wangu Agripina ameshawaahidi wateja wote wa Moshi. Na mzigo bado uko kwa fundi wa vifungo, utatoka Alhamisi asubuhi. Yustina naye anaitaka kona hiyohiyo. Huyu aliwahi kuninyang'anya toroli pale Zhanxi, soko la nguo la huku Uchina, huku akinisalimia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepata! Simuni kuna ujumbe wa serikali: Alhamisi ving'ora vya majaribio vitalia karibu na mtambo wa nyuklia, huko mbali pwani. Watu wasihofu, waendelee na kazi. Nimeutafsiri kwenye kundi letu la wafanyabiashara. Neno majaribio limeniponyoka. Nikaongeza kidogo: Alhamisi kutwa kaeni ndani, fungeni madirisha. Dada Kissa ameniombea baraka. Nimejisikia mkubwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimefika ghalani linakopakiwa kontena, napiga mluzi. Foleni hadi barabarani! Kundi zima, barakoa usoni, marobota kichwani. Nikauliza kwa nini hawajakaa ndani. Kissa akanishangaa. Yeye ajifungie ndani, mzigo wake ubaki na mionzi? Wasukuma mikokoteni wa Kichina wanatupita wakicheka. Wa kwanza kabisa ni Yustina. Amenishika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Kaka Sostenes, Mungu akubariki. Mimi nilipanga kuja jioni."

Laoban, mwenye ghala, akanitikisia kichwa. Meiyou, nafasi hakuna. King'ora chenyewe huku hata hakikusikika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimelia kidogo. Agripina nimemwambia mzigo uko njiani. Lakini Rodgers amepata kontena jingine! Linapakiwa kesho, nafasi ni ya atakayewahi.

Jioni Yustina ameweka tangazo kwenye kundi: kesho kimbunga, msitoke ndani. Mpaka muhuri wa serikali ameubandika. Ananiiga! Anidanganye kwa ujanja wangu mwenyewe? Simu yangu nayo inalialia kama king'ora tangu mchana, ujumbe juu ya ujumbe. Sijaifungua, nafunga marobota.

Jumapili, 19 Oktoba

Barabara tupu. Maduka yamefungwa, hata ghala limefungwa. Wamemwamini wote, maskini! Naandika nikiwa mlangoni, nimekalia robota moja. Jingine upepo umelipeleka upande wa stesheni. Si neno. Leo foleni ni mimi peke yangu.