Kibali cha Mguu wa Kushoto

Alhamisi, 4 Septemba

Bima wamekataa kunilipia matibabu! Wanasema mishipa iliyovimba kwenye mguu wangu wa kushoto ni mambo ya urembo. Urembo! Mishipa minene kama mizizi ya muhogo. Kutwa nasimama bandarini nikitoa mizigo ya watu forodhani, nahamia mguu huu, nahamia ule. Daktari wangu kanionya: nisipotibiwa, ngozi itapasuka, kidonda kisipone. Nani anajipamba kwa kidonda?

Jirani yangu Salvator alipata kibali cha goti mara ya kwanza tu. Goti analochezea mpira kila Jumapili! Nikamwuliza siri yake. Akasema alijibu alichoulizwa, basi. Mwongo mkubwa yule.

Mke wangu, Scholastique, anasema niende kwa daktari wa bima, nioneshe mguu, nirudi. Hajui mambo ya ofisi.

Jumamosi, 6 Septemba

Kazi ya jamii asubuhi. Mtaa mzima wa Kinanira kwenye mitaro, na majembe. Nafasi safi ya mazoezi kabla ya daktari wa bima! Nilichechemea tangu mlangoni, nikiuma meno. Mkuu wa mtaa akanionea huruma, akaniambia nirudi nyumbani. Ushindi! Salvator, kwa wivu wake, akauliza mbele za watu mbona mgonjwa anarudi mbio kuliko alivyokuja. Nikamwambia maumivu hayana ratiba.

Mchana nimeendelea sebuleni, kabatini hadi mlangoni, mlangoni hadi kabatini. Situlii. Nikikaa mguu unauma, nikisimama unauma, nikilala namfikiria Salvator.

Jumatatu, 8 Septemba

Kesho naonana na daktari wa bima, Dokta Huguette. Mpango uko tayari. Nitasimama tangu alfajiri bila kukaa, mishipa ijae. Kisha naingia nikichechemea, nasema siwezi kusimama hata kidogo. Hila mbili kwa safari moja!

Scholastique kauliza mtu asiyeweza kusimama atasimamaje tangu alfajiri. Nikaenda kutega saa ya alfajiri.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa!

Mwanzo ulikuwa mzuri. Chai nimekunywa wima. Mjini nimeenda kwa miguu. Mishipa imejaa hadi raha. Nikaingia ofisini nikichechemea kwa ufundi wote, nikilalamika kwamba siwezi kusimama. Hapo huruma ya watu wa Bujumbura ikanimaliza. Foleni nzima iliinuka! Mama Thuwaiba, mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique, akafukuza watu kwenye benchi.

"Maskini ya Mungu! Papa, lala hapa! Muguu weka juu!"

Nikasema apana, nitasimama tu.

"Apana kusimama! We uko mugonjwa!"

Akanilaza. Mguu akaupandisha juu ya mabunda yake ya vitenge. Nikiushusha, anaurudisha. Asubuhi yote nimelala hivyo, miguu juu, kichwa chini, nikisikia damu yangu ikirudi ilikotoka.

Dokta Huguette akapandisha suruali. Hakuna kitu! Mguu laini kama wa bwana harusi. Akaniambia nisimame aone vizuri. Ningefanyaje? Mama Thuwaiba yuko mlangoni anaapa wallahi kwamba huyu papa hawezi kusimama. Daktari akasema haoni ugonjwa. Nikainuka kwa hasira, nikatoka mbio. Foleni yote ikanitazama.

Jioni hii mguu unawaka moto. Juu ya kifundo pametokea doa jeusi. Naogopa. Safari hii naogopa kweli.

Alhamisi, 11 Septemba

Scholastique kanishika mkono kama mtoto wa shule, kanirudisha kule. Marufuku kuchechemea. Marufuku kusema.

"Dokteri, huyu anasemaka sana, lakini muguu yake inauma kweli. Angalia tu."

Nikasimama. Mishipa ikajitokeza yenyewe. Dokta Huguette akaligusa lile doa, akakunja uso, akauliza kwa nini juzi nilikataa kusimama. Scholastique akamjibu kwamba niko hivi tangu harusi.

Kibali kimetoka palepale! Natibiwa Jumatatu. Nimelia, sioni aibu kusema. Tumekula mukeke wa kuchoma, mimi na mke wangu, na kichwa cha samaki nimemwachia yeye.

Ila ni wazi kuchechemea kwangu kwa Jumanne ndiko kulikolainisha mioyo.

Jumapili, 14 Septemba

Kesho! Scholastique anasema kazi yangu ni kulala kitandani na kunyamaza. Nanyamazaje? Nimezunguka nyumba mchana kutwa nikiwaza. Kibali ni cha mguu wa kushoto peke yake. Na wa kulia je? Nao utavimba siku moja, na mimi nirudi kwenye benchi la Mama Thuwaiba? Apana! Madaktari wa kliniki wakikuta yote miwili mibovu, watatibu yote kwa kibali kimoja. Salvator na goti lake moja atakonda.

Nimejifungia bafuni na kalamu ya bluu. Nimeanzia gotini, nikashuka taratibu, kona kwa kona, hadi kifundoni. Doa nimelitia kwa wanja wa Scholastique. Kisha nikaisimamisha miguu yote miwili mbele ya kioo. Wa kushoto ni kazi ya Mungu, wa kulia ni yangu, na kusema haki, wa kulia ndio mgonjwa zaidi.