Kompyuta Mama na Futari ya Mtaa

Jumatatu, 4 Januari 1999

Nimedharauliwa sebuleni kwangu, na mama mkwe wangu, mbele ya kompyuta. Bi Tabu amesema kile kidude hakijafanya kazi yoyote tangu kiingie humu ila kukusanya vumbi, na cherehani ya mwanawe iko koridoni inanyeshewa kila dirisha likisahauliwa. Naima hakumkatiza mama yake. Mke wangu wa ndoa! Bi Tabu akanipa muda, hadi Idi. Ikifika Idi na hakuna hata jirani mmoja anayesema mashine imemfaa, cherehani inarudi kwenye kona yake na kompyuta inakwenda stoo, kando ya pasi ya mkaa.

Pasi ya mkaa!

Kompyuta hii nilipewa shirika letu lilipouzwa. Wenzangu walipewa mabati na mashine za kuchapa. Mimi, karani mkuu, nikapewa kitu ambacho hakuna aliyejua kukiwasha. Walicheka. Nimeiita Mama. Waya mweusi unatoka kwake, unapita juu ya paa la bafu, unaingia chumba cha uani kwa mpangaji wangu Filomena, mwenye shule ya chekechea, ambaye ana kompyuta ndogo aliyoachiwa na parokia. Hiyo ni Mtoto. Programu zote zinakaa kwa Mama. Mtoto akihitaji kitu, anaomba kwa waya. Msasani kwenyewe, kwa matajiri, hawana mtambo wa namna hii. Msasani wanacheza karata kwenye skrini.

Kasoro ni moja tu. Mama hana programu ya kumpa Mtoto. Kesho Kariakoo.

Jumanne, 5 Januari

Leonardi, mtu wa Ndanda, anauza diski ghorofani, juu ya duka la vitenge. Anazo sanduku zima. Nikamwambia nataka programu zenye faida. Akavua miwani akaniuliza, mzee, unataka mashine ikufanyie nini hasa?

Swali gani hilo? Mtu akienda kununua sufuria haulizwi atapika nini. Nikamjibu, kila kitu.

Akanishauri nichukue moja, niitazame wiki nzima, nikiona inafaa niongeze ya pili. Nikaona janja yake. Anataka nipande zile ngazi kila wiki. Nikachukua ya kufukuza virusi, ya kufuli, ya hesabu za duka (sina duka, lakini nani ajuaye kesho), ya saa za swala na ya kupanga mapishi. Ya kufundisha watoto herufi akanitupia juu, kama mtu anavyoongezewa ndimu. Ina picha za wanyama. Nimeiweka ili nisionekane mkorofi.

Jumatano, 6 Januari

Siku mbaya, na kosa si langu.

Nilianza na ya virusi. Ikamkagua Mama, ikapita kwenye waya, ikamkagua na Mtoto. Huko ikakuta mambo ya parokia. Ikaanza kuniuliza: nifute? Nikasema futa. Ikauliza tena. Futa. Mashine ikikuuliza kwa adabu namna ile, unaijibu kwa adabu.

Filomena akaja mlangoni, shikamoo baba mwenye nyumba, mitihani ya watoto haionekani. Nikamweleza kuwa ilikuwa na ugonjwa. Akauliza, na yule ng'ombe niliyemchora? Na ng'ombe. Hakugomba. Akavuta pumzi ndefu, akasema basi ataandika ubaoni. Ile pumzi ndiyo iliyoniudhi.

Alasiri nikaweka ya kufuli, ili mambo kama hayo yasitokee tena. Ikataka neno la siri. Nikachagua neno ambalo hakuna mtu duniani angelibahatisha. Ni kweli. Hakuna aliyelibahatisha hadi sasa, na mimi nikiwemo.

Alhamisi, 7 Januari

Leonardi amekuja mwenyewe kuifungua. Akaitoa ile ya kufuli bila kuniuliza. Akanywa maji mbele ya Bi Tabu aliyefunga, akakumbuka, akaomba radhi hadi akaaibika. Bi Tabu akamwambia kunywa mwanangu, wewe una kazi ya maana. Akanitazama.

Niandike sasa habari ya Mudathir, maana nimevumilia vya kutosha. Mudathir ni jirani yetu wa mbele. Spika ya msikiti imeungua tangu mwanzo wa mfungo, na tangu hapo mtaa unafuturu kwa redio yake. Kila jioni anaitoa dirishani, anaifuta kwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuoga, anavuta antena. Watu wanakaa vibarazani na tende mkononi, masikio kwake. Na yeye anajibu salamu kwa kichwa, kama waziri! Kazi yake ni nini? Kuzungusha kitufe.

Nikafungua programu ya saa za swala. Inapiga kengele yenyewe magharibi ikiingia. Hii ndiyo ya kuufaa mtaa. Ikaniambia nichague mji. Kairo upo. Karachi upo. London upo, London ambako jua lenyewe ni la kubahatisha! Dar es Salaam haipo. Bandari yote hii, watu wote hawa, hatupo. Nilitaka kuandika barua ya malalamiko, sikuona anwani.

Nikachagua Mombasa. Bahari ni moja, Kiswahili kimoja, pilau moja. Jua litaachaje kuwa moja?

Naima alikuwa anakata bamia. Akasema, baba Raudha, mbona ratiba ya msikiti imebandikwa hapo nyuma ya pazia, kila siku na saa yake? Nikamwambia karatasi haina kengele. Akaendelea na bamia.

Ijumaa, 8 Januari

Asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia leo wasihangaike na redio ya mtu, leo watafuturu kwa kompyuta. Wazee walipenda. Mudathir akacheka akiwa amekaa kwenye kiti chake, akasema, "Mie sina shida, braza. Redio yangu haili umeme mwingi." Kijembe.

Sauti ya Mama ni ndogo, kama ya kifaranga. Nikamwomba Filomena spika ya kwaya. Akauliza ni ya shughuli gani. Nikasema ya dini. Akaileta. Nikaifunga juu ya mlango, ikitazama dirisha la Mudathir moja kwa moja.

Jioni wingu zito. Jua halionekani. Nikafurahi, maana siku ya namna hiyo ndiyo watu wanajua thamani ya mtambo. Vibaraza vimejaa, na safari hii shingo zimegeukia kwangu. Kwangu! Bi Tabu mwenyewe ameletewa kigoda nje. Mudathir yuko dirishani, redio imewashwa, inasoma habari za bei ya korosho.

Kengele ikalia. Niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Ililia mpaka mtaa wa pili. Watu wakasema bismillahi. Tende zikaingia, uji ukanyweka, mtu akasema sambusa za leo zimekolea. Bi Tabu akala tende, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kuwaza pa kuitundika cherehani ukutani, huko huko koridoni.

Redio ya Mudathir ikamaliza korosho. Ikaingia matangazo ya sabuni. Ikapiga muziki kidogo. Nilikuwa nimeshika sambusa ya tatu ilipoadhini.

Mtaa mzima ulibaki na vyakula mdomoni.

Dakika saba. Mudathir akachukua tende yake taratibu, akaipuliza, akasema bismillahi kwa sauti ambayo haikuhitaji spika ya kwaya.

Jumamosi, 9 Januari

Maalim ameulizwa. Amesema kwa upole kwamba aliyekula kabla ya jua kuzama atailipa siku hiyo baada ya Idi. Kwa hiyo mtaa mzima una siku ya kulipa, isipokuwa Mudathir, na Filomena ambaye hakufunga. Mudathir amekuwa akizunguka tangu asubuhi akiulizia hali za watu. Kwangu amesimama dirishani: "Bwana Kompyuta, vipi, Mombasa wamefuturu salama?"

Na hili ndilo linaloniumiza. Mashine haikukosea! Ilisema magharibi ya Mombasa na ilikuwa magharibi ya Mombasa. Sijasikia mtu hata mmoja wa Mombasa aliyelalamika. Nimewaeleza hivyo pale kibarazani. Mzee mmoja akaniambia nihamie huko. Watoto wameshanipa jina. Shikamoo babu Mombasa! Nimewaitikia, kwa kuwa shikamoo ni shikamoo.

Bi Tabu hakugomba. Afadhali angegomba. Amesema tu kwamba tangu avunje ungo hajawahi kupoteza saumu kwa uzembe, hata mwaka wa njaa, hata alipokuwa na malaria alizihesabu siku zote akazilipa kabla ya Rajabu. Kisha akamwomba Naima kitambaa na mafuta ya cherehani.

Jumatatu, 11 Januari

Mambo yamegeuka. Nilijua yatageuka.

Filomena amekuja na chungwa na shukrani. Si kwangu, kwa Bi Tabu. Kumbe tangu wiki iliyopita Mtoto amekuwa akiomba kwa Mama ile programu ya herufi. Watoto wa chekechea wanapanga foleni. Anayekuja akilia ananyamazishwa kwa picha ya twiga. Kuna mmoja, Recho, alikuwa hasemi kabisa. Leo ametaja herufi zote mpaka zedi, kisha akamtaja na twiga. Mama yake Recho amelia.

Bi Tabu amekwenda mwenyewe uani kutazama. Amekaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema ahadi ni ahadi, jirani amesema imemfaa, kidude kibaki. Cherehani itawekwa chini ya dirisha. Ila, akasema, hiyo moja inatosha. Ya twiga. Nyingine zitolewe.

Naima akaniambia, baba Raudha, umepona. Nyamaza hapo hapo.

Nimenyamaza. Lakini nitaandika hapa: ni aibu. Karani mkuu mzima, mtambo wa nyumba mbili, nisifiwe kwa twiga! Na Mudathir bado anafuta redio yake.

Jumatano, 13 Januari

Nilipita Kariakoo kwa shughuli nyingine. Leonardi alikuwa nayo mezani. Hakutaka kuiuza, nilimlazimisha. Ni programu ya mwezi! Inajua mwezi utaandama lini, miaka kumi mbele. Watu wote wanakaa usiku kusubiri tangazo la Idi redioni, redio ya nani? Safari hii nitamtangulia siku nzima.

Mama alikataa mwanzoni. Akasema amejaa, nitoe kitu kimoja. Zile nyingine sijazitoa bado, nikatazama kipi kinachukua nafasi kubwa. Ya herufi, kwa sababu ya yale mapicha. Nimeitoa. Wale watoto herufi wanazijua tayari.

Kisha ikaniuliza mji. Dar es Salaam haipo hapa pia, sikushangaa. Mombasa ipo, ila mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimechagua Karachi. Ni mji mkubwa, watu wengi wanauangalia ule mwezi kwa pamoja, hawawezi kukosea wote.

Spika ya kwaya nimeiomba. Filomena hajanijibu bado. Sijui kuna nini leo huko uani, watoto wanalia tangu saa nne.