Faili ya Mafuta ya Kichwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Doa! Ukutani, nyuma ya kiti changu. La mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai, na linang'aa. Rangi yenyewe haijamaliza hata siku kumi.

Chumba chetu ni masjala. Barua zote za ofisi huingia humu, hupewa namba, huwekwa kwenye faili. Tuko watatu. Mzee, msimamizi wetu, anayestaafu wiki ijayo. Kipara, ambaye jina lake linajieleza. Na mimi, mwenye nywele nyingi kuliko wao wawili wakijumlishwa. Nimezirithi kwa mama, pamoja na mafuta yake.

Mkuu wa ofisi alipita saa nne. Mama mpole, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Aligusa doa kwa kidole, akakinusa. Akasema kichwa kinachofika ukutani saa za kazi ni kichwa kilicholala, na kichwa kilicholala hakitasimamia masjala. Hakuuliza ni cha nani. Ukuta utapakwa rangi upya leo jioni. Jumatatu atakuja kuutazama, kisha atamtangaza msimamizi mpya: mimi au Kipara.

Nakitaka cheo hicho mpaka nakosa usingizi, usiku angalau. Miaka kumi na moja nimeandika namba kwenye barua za watu. Mama amekwisha kuwaambia majirani zake wote kwamba nimekipata.

Halafu, silali kazini. Baada ya chakula cha mchana huwa nafikiri, na fikra nzito zinahitaji mahali pa kuegemea. Kwa hiyo tatizo ni moja tu: mafuta. Nilipomweleza mke wangu, akasema tatizo ni usingizi. Mke wangu ana sifa nyingi, ila sayansi si mojawapo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilipita dukani. Kuna shampuu maalumu ya nywele zenye mafuta. Nikaishika, nikasoma bei, nikairudisha rafuni kwa heshima zote. Tutatumia vya nyumbani.

Lakini kwanza, uchunguzi. Huwezi kupigana na adui usiyemjua. Nikachukua karatasi chakavu, nikaibandika utosini, nikahesabu mpaka thelathini, nikaiinua dirishani. Lo! Niliuona mti wa nje, tena na ndege wake. Nikaamua kuweka madaraja matatu: Kavu, Ukungu na Kioo. Mimi ni Kioo.

Nikataka kujua kichwa cha Kipara ni daraja gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama kutafuta faili kwenye droo ya chini. Nikampiga karatasi utosini, paa! Nikamwambia kulikuwa na nzi. Akanishukuru.

Matokeo: Kavu. Nilishangaa kwa dhati. Upara unaong'aa vile, na hautoi hata tone! Basi kung'aa na mafuta ni vitu viwili tofauti. Nani angejua?

Karatasi hizi haziwezi kuzagaa. Nikafungua faili. NYWELE: MAFUTA: UCHUNGUZI. Karatasi ya kwanza, karatasi ya pili, kila moja na namba yake kwa wino mwekundu na maelezo yake chini, nzi akiwemo. Juu nikaandika tarehe ya kurudiwa, yaani siku ya faili kutazamwa tena, 13 Oktoba, kama tunavyoandika kwenye kila faili. Nikaipanga rafuni, mahali pake, kwenye herufi N. Karani ni karani.

Jumatano, 8 Oktoba

Unga wa ngano. Hoja yangu: unga ukimwagikiwa na mafuta, huyanywa. Kwa nini usiyanywe kichwani? Nikachota kikombe kimoja mke wangu akiwa bafuni, nikajipaka, nikachana.

Mpaka saa tatu, ushindi. Karatasi ya tano: Ukungu! Nilikuwa na weupe kidogo, lakini weupe ni heshima. Bibi mmoja aliyeleta barua, mkubwa kwangu kwa miaka isiyopungua kumi, aliniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje? Mzee akanishika bega, akasema mvi humfikia kila mtu, wengine mapema.

Saa sita joto likapanda. Unga, mafuta, jasho. Kila anayepika anajua kinachofuata. Nilitumia saa nzima ya chakula kuchambua madonge kichwani kwa kalamu.

Jioni mke wangu aliuliza unga umekwenda wapi. Nikasema labda panya. Akaniangalia kichwani kwa muda mrefu, akasema panya huyo ahakikishe amekoga kabla ya kulala kwenye mashuka yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siki. Vijiko vitatu kwenye maji ya kusuuzia. Nywele nyepesi, laini, karatasi ya nane ni Ukungu mwembamba kabisa. Ila Kipara aliuliza mara mbili nani amekuja na saladi. Kufika saa saba Mzee alikuwa amefungua madirisha yote na kuweka mawe juu ya faili zisipeperuke.

Leo nimepata wazo kubwa zaidi. Nimepima mafuta yanayobaki kichwani, sijapima yanayokwenda ukutani! Uchunguzi gani huo? Nikabandika karatasi ukutani kwa gundi, kwenye usawa wa kichwa changu. Mzee alikwenda posta, Kipara alikwenda kula. Nikalala makusudi. Nasisitiza, makusudi. Nilipanga dakika kumi na tano. Ukweli haufichwi, zilikuwa arobaini.

Karatasi ya tisa: Kioo katikati, Ukungu pembeni, na ukuta nyuma yake mweupe pe! Nikaandika chini yake kila kitu: saa, muda, mkao wa shingo. Kazi safi. Nilijisikia mwanachuoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sabuni ya vyombo. Inayotoa mafuta kwenye sufuria itashindwa na kichwa? Nikaosha mara tatu, nikasugua kwa dodoki.

KAVU. Karatasi ya kumi, Kavu! Ningeweza kulia. Nywele zilisimama wima kama ufagio na zililia kila nilipozigusa, lakini hakuna hata chembe ya mafuta. Nilimpita Kipara nikiwa nimeinua kichwa. Akaniuliza kwa upole kama nimepigwa na umeme. Wivu!

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi Kavu. Adhuhuri Ukungu. Alasiri Kioo, tena Kioo kuliko cha Jumanne. Karatasi ilipasuka.

Sasa hili ndilo linalonishinda. Nimeyatoa yote. Yote! Haya mapya yametoka wapi? Nani aliyaambia yarudi? Nilikaa kitandani nikilitafakari mpaka nikasahau habari ya cheo. Labda kichwa kikiona kimekauka kinashtuka na kutengeneza maradufu. Labda kila upande una tabia yake. Nikachukua uzi wa kushonea wa mke wangu, nikagawa kichwa mafungu manne: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Fungu la mbele maji matupu. Fungu la nyuma siki. La kulia unga. La kushoto sikuligusa, liwe la kulinganishia.

Mke wangu aliingia, akaona nyuzi, akakaa. Akaniambia taratibu kwamba kitana changu hakijaoshwa tangu tufunge ndoa, na foronya yangu ina nongo ya miezi. Nioshe hivyo viwili, nikoge kwa sabuni ya kawaida, nisishikeshike nywele. Na kazini nikae wima.

"Baba, hayo yote ni bure," alisema.

Hapo ndipo alipokosea. Dawa ya bure ina kasoro, kama si hivyo kila mtu angekuwa anaitumia.

Jumapili, 12 Oktoba

Matokeo ya mafungu manne: fungu la kushoto, lisiloguswa, ndilo lenye mafuta machache kuliko yote. Nimepima mara tatu. Ajabu! Nimeandika kurasa mbili za maelezo, nitazitia kwenye faili kesho. Mama alipiga simu kuuliza sherehe ni siku gani. Nikasema Jumatatu jioni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika kwa mpangilio, kama karani.

Asubuhi njema kabisa. Nilikoga maji matupu nusu, sabuni ya vyombo nusu. Saa nne Mkuu akaja, akapitisha kiganja ukutani kutoka pembe hadi pembe. Mweupe! Akatabasamu. Akasema, na nilimsikia vizuri, kwamba amefurahi kuona mtu anaweza kujirekebisha, na kwamba atamtangaza msimamizi saa nane. Aliponiangalia, Kipara alikohoa. Nilijua nimekipata.

Saa tano nikaenda rafuni kutia zile kurasa mbili. Herufi N. Hakuna faili.

Nikamuuliza Kipara. Akasema amezipeleka kwa Mkuu faili zote ambazo tarehe ya kurudiwa imefika leo, kama anavyofanya kila asubuhi. Faili saba. Nikamuuliza kama alisoma vichwa vyake. Akasema yeye hasomi, yeye anatazama tarehe. Tarehe ikifika, faili inakwenda.

Tarehe niliiandika mimi mwenyewe! Mkono umezoea, haukuniuliza.

Nikakimbilia ofisini kwa Mkuu na barua mkononi, barua yoyote tu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama dirishani, ameinua karatasi, anautazama mti.

"Funga mlango, bwana," alisema bila kugeuka.

Alikuwa ameisoma yote. Aliniuliza kuhusu madaraja, nikamweleza. Aliniuliza kuhusu nzi, nikamweleza. Alikuwa makini sana, na nakiri nilianza kufurahia mazungumzo. Akasema katika masjala nzima hajawahi kuona faili iliyopangwa vizuri kama hii. Nikatabasamu, mapema mno.

"Karatasi ya tisa," alisema. "Dakika arobaini. Ni kweli?"

Ningeweza kusema nilikosea. Mdomo ulikataa. Nilimwambia takwimu zote za faili hiyo ni sahihi.

Saa nane alimtangaza Kipara.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama aliwaita majirani jana jioni, wakaja, wakala, wakaondoka. Nilikaa katikati yao kama bwana harusi aliyekimbiwa. Niliona aibu mpaka miguuni. Mke wangu hakunicheka hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinimiminia chai, akasema hakuna shida, mshahara wa karani umetulea mpaka hapa. Kwenye meza niliona ameosha kitana changu.

Kazini, Mzee aliaga na kunipa mkono wa pole. Kipara, ambaye sasa anakaa kwenye kiti cha Mzee, aliniita pembeni. Akasema hakujua faili ile ni ya nini, na kama angejua angeiacha. Namwamini, ingawa ningependa zaidi kutomwamini. Halafu akanisomea agizo la Mkuu: meza yangu inahamishiwa katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku ya kwanza katikati ya chumba. Hakuna pa kuegemea nyuma. Nimegundua kwamba mtu anaweza kufikiri vilevile akielekea mbele, mikono juu ya meza, paji la uso juu ya mikono. Mikono ikichoka, juu ya barua.

Saa tisa Kipara alinirudishia barua moja. Katikati yake palikuwa na duara angavu. Aliiinua, na mimi nikauona uso wake upande wa pili, una masikitiko. Akaniomba nikae wima. Sikumsikia vizuri, nilikuwa nalitazama lile duara. Dogo kuliko la ukutani, lakini angavu zaidi! Je, mafuta ya paji la uso si sawa na mafuta ya nywele? Yanakimbia kwa kasi ipi? Je, upande wa kushoto una tabia yake pia?

Nimefungua faili mpya. PAJI LA USO: MAFUTA: UCHUNGUZI. Barua ya leo ni karatasi ya kwanza.

Safari hii sirudii kosa. Nimeketi nikalitafuta kosa langu kwa haki, bila kujionea huruma. Si mafuta. Si usingizi, kama anavyoshikilia mke wangu. Kosa lilikuwa kuiacha faili rafuni, wazi, kila mtu anaishika. Kwa hiyo sikuandika tarehe ya kurudiwa, na juu nimegonga muhuri mwekundu wa SIRI, kisha nikaitumbukiza, kupitia upenyo wa juu, kwenye sanduku la chuma la faili za siri. Humo hata Kipara hawezi kuigusa. Ufunguo wa sanduku hilo anao mtu mmoja tu katika ofisi nzima, naye ni Mkuu.