Betri Nyepesi kwa Bibi Yoeun

Jumatatu, 4 Juni 2012
Mwanangu Dalin kambana jogoo mkia kwa kibanio chekundu cha kuchajia betri, sasa hivi tu. Jogoo karukia benchi. Mtoto kapiga makofi. Bahati mashine ilikuwa imezimwa!

Benchi lenyewe! Enzi za baba hukupata pa kukaa. Kijiji kizima kilileta betri za gari kuchajiwa, na mwenye gari hakuna hata mmoja. Za televisheni, za taa. Walisubiri wakitafuna mbegu za yungiyungi, wakitaniana. Sasa wamenunua betri kubwa za Kea, mwenye duka ng'ambo ya barabara, zinazodumu wiki nzima. Mume wangu Vuthy kasema: Jumapili ikifika bila wateja, hapa anafuga bata. Bata! Ndani ya duka la baba!

Marehemu baba alisema kabla ya kumuuzia mtu, muulize shida yake. Nitauliza.

Jumatano, 6 Juni
Nimeuliza. Bibi Yoeun anataka betri isiyomvunja kiuno. Mjomba Chhay, anayetega nyenje wa kuliwa kwa taa za buluu, anataka ya kubeba kwa mkono mmoja. Kea hakumuuliza mtu, ndiyo maana zake nzito kama ndama.

Akili imenijia! Nimechukua maganda mawili ya betri kuukuu za baba, kila moja nikatia betri ya pikipiki. Nyepesi kama kapu la mchicha. Tindikali imenitoboa sketi. Si kitu.

Ijumaa, 8 Juni
Nimewapa wajaribu. Bibi Yoeun kainyanyua, kacheka, kasema baba yangu angeiona angejivuna. Machozi yakanitoka. Mjomba Chhay kairusha juu, kaidaka. Kea kapaza sauti kuuliza kama nauza betri au maandazi. Wivu huo!

Inadumu muda gani? Hawakuuliza. Nami sikutaja. Nimepangusa benchi.

Jumapili, 10 Juni
Balaa! Jana taa za Mjomba Chhay zilizima hata wali haujaiva. Nyenje wote wakahamia mtego wa Kea, maana naye hutega. Na leo mchana Bibi Yoeun kaalika majirani kutazama ndondi za mateke. Bondia wake kainua goti amalize kazi, televisheni ikafa.

Wamekuja wote, wamefura. Bibi kafoka, “We mtoto, umenipa ganda?” Mjomba Chhay kasema kimulimuli ana moto kuliko betri yangu. Nikazichaji upesi. Wao wakakaa kusubiri.

Wakakaa! Benchi likajaa. Mbegu za yungiyungi zikatoka mikobani. Bibi kamweka Dalin pajani, kamsimulia babu yake alivyokuwa akikoroma kuishinda mashine. Vuthy kaingia na bata wawili kwapani, kaona watu, kageuka nao hadi uani. Chumba kikanukia kama zamani, tindikali na chai. Nimekukumbuka, baba.

Baadaye Bibi kaniambia taratibu kwamba anachotaka ni betri ya kudumu tu. Iwe nzito, Chhay atambebea. Nimemwitikia, ndiyo Bibi.

Lakini mimi nimeona shida yao ya kweli. Wanahitaji benchi! Betri ikifa upesi, wanarudi upesi. Ya pikipiki inachelewa mno kufa. Kesho nafungua maganda, natia betri za tochi. Watakuja kila asubuhi, duka lijae kama enzi za ba

Naitwa. Bibi Yoeun anapiga kelele, eti Dalin kambana bata kwa kibani