Mume Wangu Mgomba

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya kijiji chetu kizima cha Mhezi! Niagizieni chai kwanza.

Mnaijua hadithi yangu ya mume, mke na mbuzi. Mhariri wa gazeti amenirudishia mara ya pili. Safari hii kaandika pembeni: "Watu wako wanaongea kama tangazo la serikali la Bwana Shauri." Mimi! Mwalimu mzima! (Nilinuna siku nzima. Chakula nilikula lakini.) Nikajiambia, mwandishi akiugua kwa kila neno la mhariri atazeeka kabla ya kuoa. Nanywa uji, naanza upya. Na sasa kila neno nitalisema kwa sauti kabla ya kuliandika, nisikie kama mtu anaweza kulisema kweli.

Nyumbani haiwezekani. Kila mara mama akipita mlangoni ni yale yale: "Karatasi hizo zitakutoa akili." Kwa hiyo leo asubuhi, kwa kuwa hakuna shule, nikaingia migombani nyuma ya nyumba. Nikaanua kanga ya mama kambani, nikajitanda kichwani. (Msiniangalie hivyo. Maneno ya mwanamke yanataka kanga.) Nikachagua mgomba mnene, huo ndio mume. Nikapiga magoti.

Nilianza kwa sauti ndogo. Wapi! Nikapandisha. Lo, hapo ndipo maneno yakaja! Nikalia kwa sauti nyembamba, na machozi juu:

"Mume wangu, usiniue kwa ajili ya mbuzi! Uwiii, nakufa mie!"

Sauti ikashuka bondeni vizuri sana. Na huko bondeni anakaa Mzee Elinaza, mpiga pembe ya msaragambo. Mnajua kwetu, pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu, iwe ni kuzibua mfereji au kuzima moto. Nikaisikia pembe. Nikadhani ni mfereji. Nikasema moyoni, leo watanisamehe, niko kazini.

Nikaendelea kufa.

Nilipofumbua macho nimeshazungukwa. Majembe, mapanga, akina mama wa kwaya, hadi mzee wa kanisa na rungu! Mbele yao Mzee Elinaza, panga juu, anahema.

"Mwalimu?"

"Shikamoo, mzee," nikasema. (Magoti chini, kanga kichwani.)

"Marahaba." Panga halikushuka. "Mwanamke yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

"Na anayekuua?"

Nikauonyesha mgomba.

Mmoja huko nyuma akaangua kicheko, na wengine wote wakamfuata. Kuna mama alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Mama yangu hakucheka. Alikuja mbio analia, akaninyang'anya kanga yake. "Nilisema mimi! Apa hapa mbele ya watu kwamba huandiki tena, la sivyo wakushike wakuombee!" Na mzee wa kanisa alishaweka rungu chini, anakunja mikono ya shati. Iliniuma, jamani, maana kumliza mama sipendi. Lakini kuacha kuandika? Nikasimama, nikapangusa magoti.

"Mama, akili ninazo. Nikiacha kuandika ndipo zitakapotoka. Siapi!"

Watu wakatazamana. Mzee Elinaza akashusha panga, akakohoa kidogo.

"Lakini, mwalimu, yule mwanamke. Alikufa kweli? Kwa mbuzi tu?"

Wote wakasogea karibu. Hata mama kaacha kulia, katega sikio!

"Nunueni gazeti," nikasema.

Nikaingia ndani, nikayaandika maneno yale yale niliyoyalia, nikashuka nayo hapa mjini Same, nimeyatia posta sasa hivi. Mhariri akirudisha tena, arudishe. Magoti ninayo, na mgomba haujaondoka.

Na wewe unayecheka mpaka unamwaga chai, endelea tu. Hadithi nyingine nimeshaianza, na mjinga wake nilikuwa bado sijampata.