Malalamiko Kuhusu Tumbo Lililoshushwa Bila Idhini ya Kamati

Dzaleka, Jumatatu

Mheshimiwa Daktari,

Naitwa Annonciata, katibu wa kamati ya akina mama wa kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mama mzazi wa Douce, yule uliyemlaza wiki mbili huko Lilongwe. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa uchungu kiasi.

1. Douce, aliyeolewa mwaka jana, alipoanza kuvimba tumbo, kamati ilikaa ikapitisha kwa kura kwamba ana mimba. Mwenyewe alikataa, lakini si mjumbe, kwa hiyo hakuwa na kura. Maumivu na kutapika tuliyaandika kama mambo ya kawaida.

2. Wewe, bila kutuuliza, ukamchoma sindano, ukatoa maji tumboni, ukasema ni lupus: kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe na kuuvimbisha utando unaofunika matumbo. Daktari, sisi watu wa Bukavu tunajua kukimbia vita. Vita vya tumboni mtu avikimbie kwenda wapi?

3. Vidonge vyako vimelishusha tumbo mpaka sketi zinamteleza. Na mtoto tulikuwa tumeshampa jina, Vainqueur, yaani Mshindi! Nepi zimefuliwa. Maman Kabibi, aliyeteuliwa kumwogesha, alishakata kucha, na sasa hanisalimii.

4. Tena vidonge hivyo vimemtia njaa. Anamaliza nsima ya watu watatu, uso umemjaa, na majirani wanasema mimba imehamia mashavuni. Imebidi kamati ikae tena.

Kwa hiyo tunaomba tumbo lirudishwe kama lilivyokuwa, au hospitali itupatie mtoto wa kiume, mwenye afya, kabla ya ubatizo wa mwezi ujao. Mchungaji ameshatangaza, na hapendi kufuta matangazo.

Utusalimie wauguzi, yule mzee wa getini, na wagonjwa wote wa wodi ile, hasa mama aliyekuwa akikoroma. Zikomo kwambiri, asante sana.

Wako katika kazi za kamati,
Maman Annonciata

N.B. Usirudishe chochote, Daktari. Ile kura niliiitisha mimi. Nilimwona mwanangu akijikunja sakafuni nikaogopa kwamba nitamzika, nikataka sana iwe mimba, kwa sababu mimba najua inavyoisha. Vidonge vimebaki vya siku nne, na ulisema visikatizwe ghafla. Alhamisi utatukuta mlangoni kwako, kabla hujafungua.