Dobi na Mahindi ya Darasa la Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu wa darasa la saba kaniambia mwalimu wao wa sayansi anatafuta mtu mzima wa kuwafundisha habari za mahindi na kazi zake zote. Kila Ijumaa, muhula mzima. Nikaenda mbio. Nimemkuta jirani yangu, Bwana Shamba mstaafu, kashafika, kakaa, kavua kofia. Kiherehere! Mwalimu akaniuliza mimi najua nini kuhusu mahindi. Nikamwambia nimekuwa dobi miaka arobaini, na wanga wa kukazia nguo unatoka kwenye nini, kwenye mawe? Bwana Shamba akasema basi hata panya ni mtaalamu wa mahindi. Mwalimu kaamua: Jumatano ajaribu yeye, Ijumaa mimi. Atakayewafaa watoto ndiye atakayechukua muhula.

Shule niliacha darasa la pili. Nataka niitwe mwalimu kabla sijafa. Basi. Mkono umechoka.

Jumanne, 5 Machi

Mpango tayari. Kichwa hiki si cha kuvalia kofia tu! Nitaikaza suruali kwa wanga mpaka isimame yenyewe mbele ya darasa.

Tatizo ni wanga. Miaka yote arobaini niliukuta asubuhi kwenye bakuli, mweupe, tayari. Mama watoto ndiye aliyeutengeneza. Anaufanyaje, sijui. Nimuulize? Mimi? Nimemwomba sufuria kubwa tu, kwa shughuli za kielimu. Akauliza kama nataka anisaidie. Nikasema kazi za kitaalamu si za kila mtu. Akasema haya bwana, akaendelea kuchambua mboga.

Jumatano, 6 Machi

Nimechungulia dirishani mwa darasa. Nilikuwa napita tu. Nilipita nusu saa. Bwana Shamba kawaambia mahindi yanatoa mafuta ya kupikia, chakula cha kuku, gundi, hata karatasi. Magunzi ni kuni. Maganda yanasukwa mikeka. Kajaza ubao, kafuta, kajaza tena. Watoto watatu wamelala, mmoja anakoroma. Nimerudi nyumbani na furaha tele.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepika unga wa mahindi kilo mbili. Madonge matupu. Nimechuja kwa soksi (safi kiasi). Nikatumbukiza suruali yangu nzuri na koti, nikaanika. Saa nane mchana suruali imesimama! Peke yake, katikati ya ua! Nikamwita mama watoto aje aone. Akaizunguka, akasema huo si wanga, ni uji, na suruali imelishwa kabla ya wajukuu. Wivu.

Mjukuu kanishika mkono. Kasema babu, nakuomba, kesho usiivae, ionyeshe tu, wenzangu watanicheka mpaka mwaka uishe. Nikamwambia atajivunia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevaa. Kuvaa peke yake nusu saa. Njiani nilitembea kama ngazi. Kila hatua, kah! Vipande vinadondoka. Kuku wa mlinzi wa shule wamenifuata kutoka getini mpaka mlangoni, wanaokota. Ndani, Bwana Shamba kakaa nyuma kabisa. Kaja kutazama, mtu hana adabu! Mwalimu akanipa kiti. Nikasema mtaalamu hufundisha wima. Ukweli, suruali iligoma kukunjika.

Mambo yakaenda vizuri sana. Hakuna aliyelala! Wamecheka, wamepiga makofi. Kisha kabinti ka mbele kakanyoosha mkono, kakauliza wanga unatokaje kwenye hindi. Nikajibu: unakamuliwa. Bwana Shamba akauliza kwa sauti kama ni asubuhi na jioni, au jioni tu. Darasa zima likaangua kicheko. Mjukuu wangu akalaza kichwa kwenye dawati. Hapo niliona vibaya kidogo. Mwalimu akauliza tena, taratibu, mzee wangu, hatua ya kwanza ni ipi. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

Mjukuu akasimama, machozi yanamlenga. Akasema mwalimu, bibi ndiye anayejua, na yuko pale nje. Kweli alikuwepo, kanifuata na suruali nyingine kwenye mfuko. Akaingia. Hakuogopa hata kidogo. Akasema: loweka punje siku tatu mpaka zilainike. Saga. Chuja kwa kitambaa safi, si soksi. Acha maji yatulie, uyamwage. Kile cheupe kinachobaki chini ndicho wanga. Maneno hayo tu. Kalamu zinakwaruza. Mjukuu kainua kichwa, anatabasamu. Mwalimu akasema asante sana, mwalimu. Kamwita mwalimu! Yeye!

Nimebadilisha suruali chooni.

Ijumaa, 15 Machi

Mama watoto kapewa muhula. Mimi nabeba beseni. Leo nimekaa nyuma, dawati moja na Bwana Shamba, hatusemezani. Nimenyoosha mkono mara sita kumsahihisha mwalimu, yaani mke wangu. Kaniambia nikiendelea atanitoa. Nikaendelea. Nimetolewa.

Huko nje nimepata nafasi ya kufikiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikuupika mzito vya kutosha. Muhula ujao, nasikia, ni mhogo. Mhogo! Hiyo ndiyo fani yangu hasa! Nimemvizia mwalimu wa sayansi getini, nikamwambia aniachie. Kaniuliza naujua mhogo kwa kiasi gani. Nikamwambia asinivunjie heshima.

Kesho naanza kupika. Kilo nne. Na safari hii naweka na shati.